Santuri za Bosco kabatini: fundi anajibu

Kila kiangazi kinapoelekea mwisho na watu wa Lubumbashi wakaanza kukagua mapaa kabla ya mvua, makasha ya zamani huteremshwa, na humo ndani hutoka santuri. Nazikusanya tangu ujana wangu, na gramafoni za kuzipigia nazitengeneza mwenyewe. Wanaokuja karakanani huleta maswali yanayofanana, nami nimechagua machache ya kujibu hapa.

Baba fundi, baba mkwe wangu alituachia sahani nyeusi nzito kama thelathini. Nitajuaje kama ni za zamani kweli? (Mama wa mtaa wa Kenya)

Mama, anza na uzito, kisha usome lebo. Santuri ya 78, yaani inayozunguka mara 78 kwa dakika, ni nzito na ngumu, na ukiidondosha inavunjika kama kigae. Usijaribu kuipinda. Imetengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi mitini India na Thailand, uliochanganywa na unga wa mawe. Ya sentimita 25 hubeba takriban dakika 3 kila upande, na ndiyo maana nyimbo za enzi hizo ni fupi. Plastiki inayojipinda kidogo ilikuja baadaye, ikazitoa zile sokoni.

Lebo uisome polepole. Ukiona Ngoma, hiyo ni ya Kinshasa, iliyokuwa ikiitwa Léopoldville, ambako kampuni hiyo ilianza mwaka 1948. Ukiona Gallotone, kaa chini kwanza. Gallotone ilikuwa ya Afrika Kusini, lakini baadhi ya sauti ndani yake ni za huku kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta kijana akipiga gitaa mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo. Kijana huyo alikuwa Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Wimbo wake "Masanga" ulitokana na safari hiyo, ukatoka kwa lebo ya Gallotone. Ni gitaa moja na mtu mmoja, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikicheza juu, nawe unaapa kwamba wapigaji ni wawili. Mwanazuoni David Rycroft alikaa na santuri hizo akaandika noti zake moja moja, na wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza hadi leo. Mtafute pia Edouard Masengo na Losta Abelo. Bosco na Masengo walifanya kazi Nairobi vilevile, kwa hiyo usishangae ukipata ndugu za santuri zako nchini Kenya.

Na kama kuna jina la mtu limeandikwa kwa kalamu kwenye lebo, au namba ya nyumba ya kambi ya wafanyakazi, usilifute. Kampuni ilichapa nakala nyingi za wimbo huo. Yenye jina la baba mkwe wako ni hiyo moja tu.

Nizisafishe na nini? Kijana wa dukani ameniambia spiriti inaondoa uchafu wote. (Baba wa Katuba)

Spiriti itaondoa uchafu, baba, pamoja na wimbo. Nayasema haya kwa uchungu. Nilipokuwa kijana nilipata santuri ya Masengo iliyojaa vumbi, nikachukua kitambaa, nikakilowesha spiriti na kusugua. Kitambaa kilitoka cheusi nikafurahi, nikidhani ni uchafu wa miaka. Ilikuwa ni santuri yenyewe inayeyuka. Lakiri huyeyuka kwenye alkoholi, hata mafundi seremala huiyeyusha hivyo kutengeneza vanishi. Nilipoipiga nilisikia mvumo mtupu, na sauti ya mtu kwa mbali kama yuko ng'ambo ya mto. Bado ninayo.

Fanya hivi. Kwanza ondoa vumbi kavu kwa brashi laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, usiikate kati. Vumbi letu jekundu la kiangazi lina chembe kali, na ukilisugua likiwa kavu linakwaruza. Kisha chukua maji yaliyokenekwa kama yale ya betri ya gari, lakini hakikisha ni maji matupu wala si asidi. Tia tone moja la sabuni ya maji kwenye lita nzima, lowesha kitambaa laini na upitishe kwa kufuata mzunguko. Lebo isiguswe na maji: karatasi ya zamani huvimba, na wino wake hukimbia. Suuza kwa maji hayohayo yasiyo na sabuni, pangusa mara moja, uisimamishe kivulini ikauke. Ukiiweka juani hata nusu saa, inajikunja kama chapati.

Kuzihifadhi ni suala la mkao. Zisimame wima kama vitabu, kila moja na bahasha yake ya karatasi safi, wala zisirundikwe. Ya chini kabisa ndiyo hupasuka. Wakati wa mvua ziinue kutoka sakafuni na uziweke mbali na ukuta unaolowa, kwa sababu kuvu hupenda bahasha kuukuu, na mchwa hawana subira. Bahasha ya asili ikiwa imeoza, itoe, lakini itunze kando. Mara nyingi ina mhuri wa duka, nao unakuambia santuri ilinunuliwa wapi.

Gramafoni ya babu ukiizungusha inakwama, kisha inaruka kwa kelele. Naweza kuifungua mwenyewe? (Kijana wa Kampemba)

Polepole, mwanangu. Ndani kuna springi, ukanda mrefu wa chuma uliojikunja ndani ya ngoma yake. Ikifunguliwa ikiwa bado imejazwa nguvu, inaweza kukukata vidole. Kwanza iache izunguke hadi iishe nguvu kabisa, hata kama ni kwa kuisukuma kwa mkono ile sahani inayobeba santuri. Ukisikia mlio mkubwa wa kuruka ndani ya ngoma, kwa kawaida springi haijakatika. Grisi ya zamani imekauka ikawa gundi, na mikunjo inanatana kisha kuachana kwa ghafla. Dawa yake ni kuitoa, kuiosha kwa mafuta ya taa na kuipaka grisi mpya yenye grafiti. Kuitoa na kuirudisha uje tufanye wote, maana kazi hiyo inataka mikono minne na glavu nene.

Kile kidubwasha chenye vyuma vitatu vinavyozunguka ndicho kidhibiti mwendo. Weka tone la mafuta mepesi, basi. Usipinde chochote. Na usiipake rangi. Wengi huniletea gramafoni wakitaka ing'ae kama mpya, nami huwaomba waache alama za mikono ya wenye nayo pale kwenye mkono wa kuzungushia.

Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu wa santuri, kisha itupe. Ilitengenezwa ilike yenyewe badala ya kuila santuri. Ukiitumia mara kumi, mambo yanageuka. Na santuri ya plastiki usiiweke kamwe kwenye gramafoni hiyo. Mara moja inatosha kuiharibu.

Nataka kuziingiza nyimbo kwenye kompyuta, lakini mashine yangu ina 33 na 45 tu. (Mwanafunzi wa chuo kikuu)

Inawezekana. Ipige kwa 45, irekodi, kisha kwenye programu uongeze kasi mara 1.733, ambayo ni 78 gawanya kwa 45. Kosa la wengi liko kwenye sindano. Mifereji ya 78 ni mipana, na inataka sindano yenye ncha pana mara tatu hadi nne kuliko ile ya plastiki. Sindano nyembamba inaburura chini ya mfereji, palipojaa takataka, kisha mtu analalamika kwamba Bosco anakwaruza.

Hifadhi faili la kwanza la WAV kama lilivyo, pamoja na kelele zake. Usafishaji ufanye kwenye nakala. Nimesikia nyimbo zilizosafishwa kwa kompyuta hadi mlio wa chupa inayogongwa ukapotea, na ile chupa ndiyo ngoma ya wimbo. Andika namba ya lebo, namba iliyochorwa karibu na lebo, na maneno ya mwenye santuri: aliinunua kwa mshahara gani, aliicheza kwenye sherehe ya nani. Hapa mjini mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 na kushirikisha wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, ulionyesha kwamba kumbukumbu za nyumbani zinastahili kukusanywa kama nyaraka. Kazi hiyo unaweza kuiendeleza na simu yako.

Kuna mgeni anataka kununua zote. Niuze? (Mama wa Kamalondo)

Mali ni yako, mama, na ada ya shule haingojei. Ila asiondoke nazo kabla hazijarekodiwa na lebo kupigwa picha pande zote mbili. Rekodi za Tracey zimetunzwa kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Lakini zenu zilichezwa Kamalondo, na hilo halimo kwenye maktaba yoyote.

Santuri aliyoipenda marehemu baba imevunjika vipande viwili. Niitupe? (Dada wa Ruashi)

Usiitupe, na usiigandishe kwa gundi. Gundi ikiingia mferejini, sindano haipiti tena. Okota kila kipande, hata punje, uvitie kwenye bahasha mojamoja ili visikwaruzane. Nikipata vipande vyote huvipanga juu ya sahani bapa, navibana pembeni, napiga mara moja tu huku nikirekodi. Kila mzunguko utasikia mlio pale ufa ulipo, na milio hiyo naiondoa mmoja mmoja. Marekani, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley, Carl Haber na wenzake wamebuni mashine iitwayo IRENE, inayopiga picha mifereji na kuigeuza kuwa sauti bila sindano kugusa chochote. Hata kilichovunjika vibaya kinaweza kuimba tena.

Nje ya bahasha andika jina la baba, na wimbo aliokuwa akiupiga. Uilete Jumamosi asubuhi, kabla umeme haujaanza kupanda na kushuka.