Makarani Watatu, Programu Moja ya Hesabu

Vyama vingi vidogo vya ushirika huweka hesabu kwa programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta moja ofisini. Chama kikikua na kuajiri karani wa pili, mmoja akiwa kazini ndani ya programu, mwenzake huambiwa kuwa faili inatumika, asubiri.

Hiyo si hitilafu. Miamala yote huhifadhiwa katika hifadhidata moja, na leseni iliyonunuliwa ndiyo huamua ni watu wangapi wanaoweza kuifungua kwa wakati mmoja. QuickBooks Pro ya kusakinisha huruhusu watu 3 kwa wakati mmoja. Premier, watu 5.

Ofisi zenye haraka hutafuta njia ya mkato: kunakili faili kwa flashi na kuipeleka kwenye kompyuta ya pili. Chukua mfano wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Jumatatu, karani mmoja anaingiza malipo ya maziwa katika nakala yake, mwingine anaingiza mikopo katika yake. Ijumaa, nakala moja inabandikwa juu ya nyingine. Kazi ya wiki nzima ya karani mmoja inafutika, wala kompyuta haionyi kwamba miamala inapotea. Mkulima atakapouliza malipo yake, rejista haitakuwa nayo.

Njia ya pili, ambayo pengine ni mbaya zaidi kwa kuwa haionekani, ni makarani wote kutumia nywila moja. Sheria inataka hesabu za chama cha ushirika zikaguliwe angalau mara moja kila mwaka wa fedha. Mkaguzi akikuta muamala uliobadilishwa, kumbukumbu za programu zitamwonyesha jina moja tu, na karani asiye na hatia atashindwa kujitetea.

Linalofaa ni faili ikae kwenye kompyuta moja inayowashwa saa zote za kazi, nyingine ziifikie kupitia mtandao wa ndani wa ofisi, na kila karani awe na jina na nywila yake. Hifadhidata huzuia watu wawili kubadilisha muamala uleule kwa wakati mmoja, huku wakiendelea na mengine.

Baadhi ya kazi, kama kuunganisha akaunti mbili katika QuickBooks, huhitaji mtumiaji mmoja pekee. Hizo zipangiwe jioni, makarani wengine wakishatoka kwenye programu na nakala ya akiba ikishahifadhiwa.