Kulizunguka Ziwa kwa Siku Nane: Nilivyopanga Nchi Tatu Kutoka Buhongwa

Mimi ni fundi cherehani. Nina cherehani tatu na meza moja ya kukatia, hapa Buhongwa, Mwanza, hatua chache kutoka barabara kuu ya Shinyanga. Nikifunga siku moja, siku hiyo haiingizi kitu. Nikifunga nane, wateja wa sare za shule wanaanza kuulizana nimehamia wapi. Kwa hiyo nikisema nimelizunguka Ziwa Victoria, nikaingia Uganda na Kenya na kurudi nyumbani ndani ya siku nane, elewa kwamba kila moja ya siku hizo niliihesabu kabla sijaitumia. Tangu nirudi naulizwa njia, vibali na fedha. Naandika hapa nilivyofanya, ili anayetaka kwenda asipite kwenye kosa langu la mara ya kwanza.

Mara ya kwanza nilikuwa na siku sita. Nilifungua ramani nikaona nchi zimebanana kama vyumba vya nyumba moja, nikapanga zote: Rwanda, Uganda, Kenya, halafu nyumbani. Kwenye karatasi ilienea vizuri. Barabarani, niliingia Kampala usiku wa manane nikaondoka kabla ya jua kuchomoza, na ninachokumbuka ni taa za bodaboda kwenye kioo chenye ukungu. Kigali naijua stendi yake tu. Nilirudi miguu imevimba, na iliniuma sana, maana fedha ile nilikuwa nimeiweka kidogo kidogo mwaka mzima.

Nilikuwa nimehesabu kilomita. Siku hizi nahesabu usiku na mipaka. Kila mpaka nauandikia nusu siku, hata kama mhuri wenyewe unagongwa kwa dakika tano, kwa sababu basi zima linamsubiri abiria wa mwisho, na abiria wa mwisho ana mizigo mitatu na hati iliyobakiza wiki moja kwisha muda. Na mji ambao sitalala mara mbili siuandiki kabisa kwenye orodha, huo ni mji wa kupita. Ukilala mara moja, unafika jioni umechoka na unaondoka asubuhi unakimbizana na gari. Ukilala mara mbili, katikati yake kuna siku nzima ambayo hubebi begi.

Nikachukua karatasi ya kukatia gauni nikaandika: Alhamisi usiku, melini. Ijumaa na Jumamosi, Kampala. Jumapili na Jumatatu, Jinja. Jumanne na Jumatano, Kisumu. Alhamisi, barabarani kurudi. Ijumaa, akiba. Kigali haimo. Nilikaa muda mrefu na kalamu mkononi kabla ya kuifuta, lakini bila kuifuta ile siku ya akiba isingepatikana.

Swali linalofuata ni uanzie upande gani, kulia au kushoto kwa ziwa. Hapa nina msimamo: anza na kile kisichokusubiri, malizia na kile kinachopatikana muda wote. Kwetu Mwanza kisichosubiri ni meli ya Bukoba. Haiondoki kila siku, na ukiikosa umeharibu wiki. Barabara ya Sirari, mpakani na Kenya, ina magari kutwa, kwa hiyo nikaiweka mwisho. Kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba nasafiri, niliuliza bandarini siku za meli, kisha nikaipanga wiki kuizunguka tiketi hiyo moja.

Wapo watakaoniambia siku hizi kuna daraja. Ni kweli, na mimi nalifurahia kuliko wengi. Daraja la JP Magufuli, la Kigongo na Busisi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3, na sisi tuliozoea kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo tunajua limetuokolea nini. Mabasi ya Bukoba yakitoka stendi ya Nyegezi yanapita hapa hapa Buhongwa kwenda Usagara, na kama umezungumza na konda mapema unapandia mlangoni kwako. Mwenye siku kumi na nne apite darajani, aione Sengerema na Geita. Lakini basi linakula mchana mzima, na meli inakula usiku ambao ungelala tu. Kwa mwenye siku nane, mchana mmoja ni mali. Tena nauli ya meli imelipia na kitanda.

Mama hakuipenda hesabu hiyo. Kaka yake, mjomba wangu, alikuwa ndani ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, ilipozama ikikaribia Mwanza, na amelala Igoma pamoja na wenzake wengi. Tangu siku hiyo mama hajapanda chombo cha majini zaidi ya kivuko. Sikubishana naye. Nilipopanda, kitu cha kwanza nilimwomba mhudumu anionyeshe jaketi la kuokolea liko wapi na linavaliwaje. Nikalivaa, nikafunga kamba zake zote, nikalivua, ndipo nikapiga simu nyumbani. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, dakika tano tu.

Alfajiri ya kufika Bukoba sitaisahau. Kulikuwa bado na giza la bluu, kisiwa cha Musira kimekaa mbele ya Bukoba kama mtu aliyejifunika shuka, na upepo unanukia kahawa na moshi wa kuni. Wanawake walikuwa chini tayari na mikungu ya ndizi. Nilikunywa chai nimesimama, nikatafuta gari la Mutukula, mpakani na Uganda. Ni kama kilomita 80, unavuka mto Kagera pale Kyaka, kwenye daraja ambalo majeshi ya Idi Amin yalilibomoa mwaka 1978. Mzee niliyekaa naye alivua kofia tulipolifikia, hakusema neno, akaivaa tena ng'ambo.

Sasa vibali, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama. Mtanzania haingii Uganda wala Kenya kwa viza, lakini hati ya kusafiria lazima uwe nayo: pasipoti, au ile hati ya dharura ya uhamiaji. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Sisi hatumo kwenye mpango huo, kwa hiyo usiende mpakani na kadi ya NIDA peke yake. Pamoja na hati, beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inahesabika baada ya siku 10, na tangu mwaka 2016 ukichanjwa mara moja ni ya maisha. Pale Mutukula mbele yangu alisimama kijana mwenye kadi mpya kabisa, karatasi bado inanukia wino. Ofisa akaangalia tarehe, akahesabu kwa vidole. "Kaka, siku nne tu hizi. Kaa pale pembeni kwanza." Basi letu lilipoondoka alikuwa bado kwenye benchi, begi limelala magotini. Ukishaamua kusafiri, chanjo iwe ya kwanza, kabla hata ya tiketi.

Mutukula, na Busia ya kati ya Uganda na Kenya, ni vituo vya pamoja: unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Inasaidia sana, ila ile nusu siku usiipunguze.

Kwa ajili ya safari hii nilijishonea mfuko. Ni kitenge mara mbili na kitambaa kigumu katikati, upana wa pasipoti na vidole viwili, mkanda wa kuvaa ndani ya blauzi. Nyuma kuna chumba kimoja chenye zipu cha pasipoti na kadi ya njano. Mbele nimegawa vyumba vitatu, kila kimoja na uzi wa rangi yake: kijani kwa shilingi za kwetu, njano kwa za Uganda, nyekundu kwa za Kenya. Shilingi 1 ya Kenya inakaribia 20 za kwetu, na ya Uganda haifiki hata 1 yetu, kwa hiyo ukizichanganya mfukoni unaweza kulipia soda kwa fedha ya chakula cha siku mbili. Mpakani wabadilishaji wanakuja na kalkuleta zao. Fanya hesabu yako kabla hujashuka, badilisha ya kukutosha siku moja tu, iliyobaki ubadilishe mjini dukani. Na uweke noti za Kenya kidogo tangu nyumbani, kwa ajili ya siku utakayofika Busia jioni.

Jambo la saa nalo. Nchi zote tatu zina saa moja, hutabadilisha chochote. Lakini tiketi nyingi huandikwa kwa saa za Kizungu. Ikiandikwa 1:00 AM ujue ni saa saba usiku, yaani unatakiwa stendi usiku wa leo, siyo kesho asubuhi. Mimi tiketi yoyote nairudia kwa mdomo mbele ya aliyeniuzia: "Ni saa saba ya usiku wa kuamkia lini?"

Kampala nilikuwa na lengo moja tu, vitambaa. Siku nzima niliimalizia soko la Owino na vichochoro vya Kikuubo, na sikujaribu kwenda kwingine. Hilo nalo ni sehemu ya kupanga: kila mji upe jambo moja, zikibaki saa mbili ni zawadi. Lugha haikunisumbua kama nilivyotishwa. Serikali ya Uganda ilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na sokoni vijana wanakijaribu, ila wazee bado wanakupokea vizuri zaidi ukianza na "ssebo" au "nyabo". Chakula cha haraka ni rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai na nyanya, unakula unatembea.

Jinja ni kama kilomita 80 tu kutoka Kampala, lakini foleni ya kutoka mjini inaweza kuchukua saa nyingi kuliko barabara yenyewe, kwa hiyo toka mapema. Ndiko nilikotulia. Mpelelezi Mwingereza, Speke, aliliona ziwa hili kwa mara ya kwanza huku kwetu Mwanza mwaka 1858, akarudi miaka minne baadaye kuona pale unapotokea Mto Nile. Maporomoko aliyoyaona yamefunikwa na maji tangu bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Ukipanda mtumbwi unaona maji yanafurukuta kutoka chini, kisha yanaamua njia yake. Mimi niliyekua nikiyaona maji haya yamesimama, nilinyamaza. Ng'ambo ya mto, Njeru, kuna kiwanda cha nguo cha Nytil. Mwanza tunaijua Mwatex, Kisumu walikuwa na KICOMI. Miji mitatu ya ziwa moja, yote ilivaa pamba ya nchi yake. Kwa fundi cherehani hilo peke yake lilitosha nauli.

Kitu kingine nilichokifanya kila mji ni kuagiza samaki yule yule. Sato wetu, Jinja wanamwita engege na Kisumu ngege. Sangara ni mputa Uganda na mbuta kwa Wajaluo. Dagaa ni mukene, kisha omena. Pale Dunga, Kisumu, mama aliyenikaangia ngege mzima aliniuliza, "Kwenu mnamla na nini, dada?" Nikamwambia ugali, kama hapa. Akaniongezea sukuma wiki bila kuniuliza fedha.

Hesabu hii ya usiku na mipaka haiishii ziwani. Kuna mteja wangu ambaye mwanawe anasoma Ujerumani, naye ana siku kumi za kwenda kumwona na anataka afike Ufaransa na Italia pia. Tulikaa na karatasi ile ile. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi 29, na Uingereza haimo. Unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Huko mipaka haili nusu siku, lakini kuhama hoteli na kutafuta treni kunaila. Nilimshauri Ujerumani na mji mmoja wa Ufaransa. Italia ameifuta mwenyewe, kwa uchungu kama wangu wa Kigali.

Siku ya kurudi ndiyo ndefu kuliko zote: Kisumu, Kisii, Migori, Isebania, unavuka Sirari, kisha Tarime, Bunda, Lamadi, Magu. Nilitoka kabla ya mapambazuko. Gari la kwanza likaharibika njiani, tukakaa chini ya mti zaidi ya saa tatu, na nilikaa bila wasiwasi kwa sababu Ijumaa yangu ilikuwa bado haina kazi. Nilishuka Igoma usiku, nikapata gari la mwisho la Buhongwa.

Ijumaa nililala hadi saa nne, nikafua, nikavitandaza vitambaa vya Owino mezani nivipime. Mama akaja kuviona. Alishika kimoja kimoja, akauliza bei, akauliza habari za samaki. Halafu, akiwa anakunja kile cha bluu, akauliza meli ya Bukoba huondoka siku zipi. Nikachukua chaki nikamwandikia pale pale mezani.