UMRI WA KWELI: SOMO KUTOKA MECHI ZA KUFUZU ZA VIJANA



 



Huenda mtashangaa kuona somo la mpira katika jarida la madrasa. Lakini sisi walimu wenu tunawaona kila siku baada ya alasiri. Wa Kibiti mjini mnacheza kwenye vumbi mpaka adhana ya magharibi, na wenzenu wa vijiji vya delta, kama Nyamisati, Salale na Mbwera, wanasubiri maji yakupwe wapate uwanja wa chandimu. Mchezo unaojenga mwili si haramu, maadamu haukosishi swala wala haumtoi mtu katika tabia njema. Tunachotaka kuzungumza leo ni jambo linalotokea kabla filimbi haijapulizwa, nalo ni tarehe ya kuzaliwa inayoandikwa kwenye karatasi.

MECHI ZA KUFUZU NI NINI?

Mashindano makubwa ya vijana hayachezwi na kila nchi. Nchi hushindana kwanza, na zinazoshinda ndizo hupata nafasi. Hizo ndizo mechi za kufuzu. Timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17 inaitwa Serengeti Boys. Hupitia ukanda wa Afrika Mashariki na Kati, kisha mashindano ya Afrika, na zinazofanya vizuri huko huenda Kombe la Dunia la vijana. Tangu mwaka 2025 kombe hilo limepangwa kufanyika kila mwaka nchini Qatar hadi 2029, lina timu 48, na Afrika imepewa nafasi 10. Majirani zetu wa Uganda walikuwamo mwaka 2025. Kwa hiyo mlango umekuwa mpana kuliko zamani.

Lakini ngazi ya kwanza ya safari hiyo ipo hapa kwetu, kwenye timu ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari, na mashindano ya kata na wilaya. Na katika kila ngazi swali la kwanza ni moja: umezaliwa lini?

YALIYOTUPATA MWAKA 2005

Mwaka 2005 mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17 yalifanyika Gambia. Serengeti Boys walikuwa wameshinda mechi zao za kufuzu, na sisi tuliokuwa vijana wakati huo tulijaa furaha. Furaha haikudumu. Ilibainika kuwa timu ilimchezesha kijana aliyezidi umri, Tanzania ikaondolewa, na nafasi yetu ikachukuliwa na Zimbabwe.

Tafakarini jambo hili. Katika timu ile walikuwamo vijana wengi ambao umri wao ulikuwa sahihi. Walikuwa wamefanya mazoezi, wamesafiri na wameshinda. Wote walibaki nyumbani kwa sababu ya tarehe isiyokuwa yao, na mwaka uliofuata wengi wao walikuwa wamekwisha kuuvuka umri. Nafasi ya utotoni ikipita hairudi.

YALIYOTUPATA MWAKA 2017

Ilipita miaka 12. Mwaka 2016 Serengeti Boys walicheza mechi za mwisho za kufuzu dhidi ya Kongo Brazzaville. Nyumbani tulishinda 3-2, ugenini tukafungwa 1-0. Jumla ikawa 3-3, na kwa sheria ya bao la ugenini tukatolewa. Lakini umri wa mchezaji mmoja wa Kongo ulitiliwa shaka, na alipotakiwa kupelekwa kupimwa hakufikishwa. Mapema mwaka 2017 Kongo ikaondolewa na Tanzania ikapewa nafasi ya kwenda Gabon.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Serengeti Boys kucheza fainali hizo. Mwezi Mei 2017 walitoka sare 0-0 na Mali, wakaifunga Angola 2-1, kisha wakafungwa 1-0 na Niger. Sisi na Niger tulikuwa na pointi nne kila mmoja, ila wao walikuwa wametufunga, kwa hiyo wakapita wao na wakaenda Kombe la Dunia nchini India. Vijana wetu walirudi nyumbani bila kombe, lakini hakuna aliyewanyooshea kidole juu ya umri wao.

Msidhani kwamba baada ya hapo kila mtu alijifunza. Mwaka 2018 ndugu zetu wa Zanzibar waliondolewa katika mashindano ya ukanda wetu yaliyofanyika Burundi kwa sababu ya wachezaji waliozidi umri. Mwaka 2019 mashindano ya Afrika yalipofanyika Dar es Salaam, Guinea ilifika fainali. Baadaye ikagundulika kuwa wachezaji wake wawili waliwahi kucheza Japan mwaka 2017 wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Guinea ikapoteza nafasi yake ya Kombe la Dunia, na Senegal wakaenda badala yake. Uongo ulioandikwa Afrika ulifichuliwa na karatasi iliyobaki Asia. Ndivyo uongo ulivyo, njia yake ni fupi.

MFUPA HAUDANGANYI

Siku hizi kuna kipimo. Mtoto anapokua, karibu na ncha za mifupa yake huwa pana gegedu laini, na hapo ndipo mfupa unaporefuka. Akikaribia utu uzima gegedu ile hugeuka mfupa na kufunga kabisa. Madaktari wa FIFA walichunguza kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, ambayo hutumia sumaku na haina mionzi yenye madhara kama eksirei. Utafiti wao uliotolewa mwaka 2007 ulihusu vijana 496 wa miaka 14 hadi 19 kutoka Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina. Waliona kuwa ni nadra sana mfupa huo kufunga kabisa kabla ya miaka 17. Kuanzia Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nigeria, kipimo hiki kimetumika.

Sisi Waislamu tusistaajabu. Tumefundishwa katika Suratu Yasin kwamba siku ya Kiyama vinywa vitafungwa, na mikono na miguu ndiyo itakayotoa ushahidi. Ikiwa hapa duniani mkono wa kijana unaweza kumkanusha mbele ya daktari, itakuwaje mbele ya Mola wake?

VIJANA WA UHUD

Sasa tuangalie watangulizi wetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) aliletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) siku ya Uhud akiwa na miaka 14, naye hakumruhusu kuingia vitani. Alipoletwa siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akamruhusu. Nafii alipomsimulia Umar bin Abdulaziz hadithi hii, Khalifa aliiona kuwa ndiyo mpaka baina ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake wampangie posho ya askari aliyefikia miaka 15.

Zingatieni mambo mawili. Kwanza, Abdullah alikuwa mtoto wa Umar bin Khattab, lakini baba yake hakumwongezea mwaka. Pili, yeye mwenyewe hakuona haya kusimulia kwamba alirudishwa. Alisubiri wakati wake ukafika.

Katika vitabu vya sira wametajwa pia Rafii bin Khadij na Samura bin Jundub. Rafii aliruhusiwa kwa kuwa alikuwa hodari wa mishale. Samura akasema kwamba yeye humwangusha Rafii wakishindana mieleka. Wakapiganishwa, akamwangusha kweli, naye akaruhusiwa. Samura alitaka nafasi kama mnavyoitaka ninyi, lakini aliidai kwa uwezo wake mbele ya macho ya watu.

Hapa kuna faida ya fiqhi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtoto ambaye hajaona dalili za baleghe huhesabiwa amebaleghe akitimiza miaka 15 ya Hijria. Hiyo ni sawa na miaka 14 na miezi sita na kitu ya kalenda ya kawaida, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja. Basi anayejua tarehe yake ya kuzaliwa anajua pia tangu lini swala na saumu zimekuwa faradhi juu yake. Anayeipunguza kwa ajili ya mpira anajichanganya hata katika hesabu ya ibada zake.

MZAZI NA MHURI

Miaka michache iliyopita mzazi mmoja alitujia madrasani baada ya isha. Ni mvuvi wa kamba, mtu mwema, na hajawahi kuchelewesha mchango. Mwanawe alikuwa na miaka 17, na watu wa timu moja walikuwa wanachagua vijana wa chini ya miaka 15. Karatasi ilikwisha kuandikwa kwamba mtoto ana miaka 14. Ulibaki mhuri wa madrasa.

"Ustadhi," alituambia, "mimi sikuombi fedha. Nakuomba mhuri tu. Mtoto akitoka, tumetoka sote."

Tukafungua daftari la uandikishaji. Kijana yule alianza alifu akiwa na miaka sita, na siku ile alikuja amemshika mkono mdogo wake wa miaka minne. Tukamwambia, "Mzee wetu, ukihesabu kwa karatasi hii, kaka amekuwa mdogo kuliko mdogo wake." Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Hatukupiga mhuri. Aliondoka bila kuaga, na kijana hakuitikia salamu yetu kwa miezi miwili.

Ndugu wasomaji, hatukulala vizuri usiku ule. Tunajua uvuvi ulivyo, na tunajua fursa hazifiki kwetu mara kwa mara. Lakini tulikumbuka kwamba katika orodha ile kulikuwa na mstari mmoja, na mahali fulani palikuwa na mtoto wa miaka 14 ya kweli anayeungoja. Mhuri wetu ungemfungia mlango mtoto wa mwenzetu ambaye hatujawahi kumwona. Kijana wetu sasa ni mtu mzima, anacheza timu ya wakubwa ya kijijini kwao, na salamu zimerudi. Hatudai kwamba alitushukuru.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Kupunguza umri ni udanganyifu. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani kuna majimaji. Muuzaji akasema limenyeshewa. Akaambiwa alipaswa kukiweka kilicholowa juu watu wakione, na kwamba mwenye kudanganya si katika wao. Karatasi kavu juu ya umri uliofichwa ni rundo lile lile.

2. Anayeshuhudia uongo naye yumo. Mtume (S.A.W.) alikuwa ameegemea akitaja madhambi makubwa, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaketi wima, akalikariri mpaka maswahaba wakatamani anyamaze. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu na shahidi asikatae anapoitwa. Hili ni letu sisi wenye mihuri, walimu, viongozi wa vijiji na makocha.

3. Tuandikishe watoto mapema. Wengi wa wazee wetu wa delta hukumbuka kuzaliwa kwa mtoto kwa mafuriko au kwa mavuno ya mpunga. Hilo si uongo, lakini halitoshi. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyofunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti yametuonyesha kwamba hata karatasi huchukuliwa na maji. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kitafutwe mtoto akiwa mchanga, nakala ihifadhiwe kwa ndugu mwingine, na tarehe iandikwe pia katika daftari la madrasa.

4. Asiyejua tarehe aseme hajui. Mzazi aseme mwaka anaoukumbuka na sababu ya kuukumbuka. Kusema "sina hakika" ni ukweli pia.

5. Umri ukipita, mlango mwingine upo. Kuna timu za chini ya miaka 20, na kuna timu za wakubwa ambako hakuna anayeuliza tarehe. Riziki ya mtu haimo katika mwaka alioufuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Tanzania haikucheza Gambia mwaka 2005, na nani waliumia zaidi?
2. Abdullah bin Umar (R.A.) alikuwa na umri gani siku ya Uhud na siku ya Khandaq?
3. Waulize wazazi wako tarehe yako ya kuzaliwa, kisha uitafute kwa Hijria. Utatimiza au ulitimiza miaka 15 lini?
4. Kocha akikuambia upunguze mwaka mmoja tu, utamjibu nini kwa adabu?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape vijana wetu nguvu za miili na ukweli wa ndimi, na siku Kibiti itakapotoa mchezaji wa taifa, tarehe yake iwe ile ile aliyoijua mama yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.