Kapelano wa Chuo: Padre Anayeuliza Kama Umekula



Likizo iliyopita nilitumwa Kibiti kwa kazi za kichungaji. Huko majirani zetu wengi ni Waislamu, na Wakatoliki ni wachache, mnajuana karibu wote. Jumapili moja baada ya ibada nilikaa na dada mmoja anayesoma chuo kikuu Dar es Salaam. Kwao ni ndani ya delta ya Rufiji. Kufika chuoni anavizia maji yajae, apande mashua hadi Nyamisati, ndipo atafute gari.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha shamba la mpunga la wazazi wake. Nyumbani pesa ikakatika. Bumu lilikuwa limeisha, na alikuwa na sapu mbili. Akaacha kwenda darasani, akaacha kwenda jumuiya, akajifungia hosteli. Akaniambia, "Frateri, nilishafunga begi."

Nakiri kwamba mimi kichwani nilikuwa naandaa hotuba juu ya Mungu mwema na mateso, kama tulivyojadili kwenye falsafa. Kumbe hakuwa ananiuliza swali. Alikuwa ananisimulia alivyopona.

Wenzake wa TMCS waliona kiti chake kitupu, wakamwambia kapelano. Padre akawatuma mabinti wawili wakamlete, wakakaa nje ya kanisa, chini ya mti. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umekula?" La pili, "Na mwenzako wa chumbani, je?" Mwenzake ni Mwislamu, naye wa huko huko delta, naye kwao maji yameingia. Siku hiyo walikula wote wawili.

Kapelano ni nani?

Neno hili lina historia nzuri. Mtakatifu Martin wa Tours, katika karne ya 4, alikata joho lake akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi langoni mwa Amiens. Baadaye wafalme wa Wafranki walilitunza joho hilo kama masalia matakatifu. Kwa Kilatini liliitwa *cappa* au *cappella*, na mapadre waliolilinda wakaitwa *cappellani*. Basi ndani ya jina "kapelano" kuna joho lililogawanywa.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 564, inasema kapelano ni padre aliyekabidhiwa kwa kudumu uchungaji wa jumuiya au kundi maalumu la waamini. Kanuni ya 813 inamtaka askofu wa jimbo awahudumie wanafunzi wa vyuo kwa bidii, hata kwa kuwaundia parokia, au walau kuwawekea mapadre wa kudumu. Tena inagusa hata vyuo visivyo vya Kikatoliki. Kwa hiyo ukiwa Mlimani, Dodoma au SUA, Kanisa halijakusahau.

Anafanya nini hasa?

Tusome Luka 24:13-35, safari ya Emau. Angalieni mpangilio wa Yesu.

*1. Anakaribia na kutembea nao.* Wale wawili walikuwa wanaondoka Yerusalemu, wamekata tamaa. Yesu hakuwasubiri warudi. Kapelano mzuri humtafuta aliyeanza kufunga begi.

*2. Anauliza, kisha anasikiliza.* Yesu alijua yote, lakini aliwaacha waseme. Dada yetu alisema karibu saa nzima, Padre akimsikiliza tu.

*3. Anafafanua na kuelekeza.* Kapelano si benki, wala si daktari wa akili, wala hawezi kufuta sapu. Lakini anajua milango ya kugonga. Padre yule alimsindikiza kwa Mshauri wa Wanafunzi, wakampigia simu mama yake, na wanajumuiya wakachanga walichoweza. Mtihani mmoja alifaulu, somo la pili alilirudia mwaka uliofuata. Hakuna muujiza wa haraka hapo, ila alibaki chuoni.

*4. Anamega mkate.* Hiki ndicho asichoweza kukupa mshauri mwingine. Baada ya wiki kadhaa aliungama, akarudi kwenye Ekaristi. Chakula cha kwanza kilifungua njia ya kwenda kwenye Meza hii.

*5. Anawarudisha kwa wenzao.* Wanafunzi wa Emau walirudi Yerusalemu usiku ule ule. Leo dada huyu ndiye anayezunguka hosteli kuangalia nani haonekani.

Na sisi je?

Tusimwachie Padre kila kitu. Kapelano mmoja anaweza kuwa na maelfu ya wanafunzi, tena mara nyingine vyuo zaidi ya kimoja. Asingemjua dada yule kama wenzake wasingeona kiti kitupu. Mtu wa delta anajua kwamba mashua ikikwama mchangani, nahodha peke yake haisukumi. Wote mnashuka.

Ukifika chuo, wiki ya kwanza mtafute kapelano, ujitambulishe, ukiwa bado mzima na huna shida. Siku ya shida mlango wake hautakuwa mgeni kwako. Na wewe unayesoma haya ukiwa umeshafunga begi: usiondoke bila kumwambia mtu.

Maswali ya kutafakari

- Ni nani katika jumuiya yangu sijamwona wiki mbili hizi?
- Je, ninamjua kapelano wangu, au namwona altareni tu?
- Mwenzangu wa chumbani asiye Mkatoliki ameonja upendo wa Kristo kupitia kwangu?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyetembea na waliokata tamaa, uwatie nguvu makapelano wetu. Utupe macho ya kuona kiti kitupu na miguu ya kumfuata asiyekuwepo. Amina.

Mtakatifu Martin wa Tours, utuombee!