Kuvu, Rafiki wa Dania

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Hata dania ya mchuzi ina mwenzake udongoni.

Likizo ya Aprili nyanya alinipa kipande cha shamba hapa Tetu nipande dania na vitunguu vya majani. Mauzo yangekuwa nauli yangu ya kurudi shuleni. Mimi kwa ujuaji wangu nikarundika takataka juu ya kitalu nikazitia moto, ati niue magugu. Lo! Sukumawiki ya kando ilinawiri, lakini dania ilidumaa na vitunguu vikabaki vyembamba kama sindano. Nyanya hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa mjukuu wangu, siku ya soko tutabeba nini?"

Mwalimu wetu wa Kilimo ndiye aliyenifumbulia fumbo. Udongo wetu mwekundu una chuma na alumini ambazo huishika fosforasi kwa nguvu. Isitoshe, fosforasi haisafiri mbali. Mzizi ukimaliza iliyo karibu, basi njaa imeingia. Hapo kuvu fulani husaidia. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, huingia mzizini na kutambaa mbali udongoni zikileta fosforasi, nao mmea huzilipa kwa sukari. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa ushirika wa kuvu na mizizi jina mikoriza. Dania, mnanaa na vitunguu wanao; sukumawiki na kabeji hazina. Yaani moto wangu ulimuua rafiki wa dania, lakini sukumawiki haikuwa na rafiki wa kupoteza!

Tufanyeje basi? Kwanza, tusichome kitalu. Pili, tusimwage DAP ovyo, kwa maana mmea ulioshiba fosforasi humfungia kuvu mlango. Tatu, tusilimelime bila haja, kwani jembe hukata nyuzi hizo.

Likizo ya Agosti nilichota udongo penye vitunguu vya zamani vyenye afya, pembeni ambapo moto haukufika. Mstari mmoja niliutia konzi moja kila shimo, wa pili sikuutia kitu. Mstari mmoja si utafiti kamili, najua, lakini ule wenye konzi uliupita mwenzake waziwazi. Nyanya alikata fungu la kwanza, akalinusa, akacheka.

Nauli ilipatikana. Kalamu yangu naiweka chini hapa.