SOMO LA MWEZI: Buibui mdogo kuliko punje ya ulezi



Wakati tulikuwa tunatayarisha somo hili, mama mmoja wa kikundi alituuliza: «Buibui ambaye mutu hawezi hata kumuona na macho, munatuletea habari yake ya kazi gani? Sisi tuko na kiwavi mu muhindi.» Ni ulizo la haki, na tutalijibu. Lakini kwanza tumwangalie buibui mwenyewe. Namna wenye elimu walivyomtambua ni somo kwa kila mtu anayebeba pompi ya dawa mgongoni.

Ni buibui gani?

Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Ubelgiji, Léon Baert na Rudy Jocqué, waliandika habari za buibui mpya aliyetoka Côte d'Ivoire, huko Afrika ya Magharibi. Walimpa jina Anapistula caecula. Mwili wa jike una urefu wa milimita 0.46 tu. Wakati ule hakuna jike la buibui lililojulikana duniani lililokuwa dogo kuliko huyu.

Chukua rula ya mtoto wa shule. Angalia nafasi kati ya vistari viwili vidogo: ndiyo milimita moja. Majike mawili ya buibui huyu yakipangwa moja nyuma ya lingine, hayajazi nafasi hiyo. Punje ya ulezi inamzidi mara mbili ama tatu.

Na ni buibui kamili. Iko na miguu minane, si sita sawa na nzi ama panzi. Mwili wake una sehemu mbili, hana mabawa, hana papasi kichwani. Jamaa yake yote ni ya buibui wadogo sana, na wengi wao wanaishi ndani ya majani makavu yaliyoanguka chini. Taya zao mbili zimeshikana.

Aina mpya inatambuliwa namna gani?

Watu wengine wanafikiri mtaalamu anaona kidudu, anasema «huyu ni mpya», basi imeisha. Hapana. Kuna hatua tano.

1. Kukusanya. Majani yanayooza yanachekechwa. Kisha yanawekwa ndani ya mufano wa entonua kubwa, chini ya taa. Vidudu vinakimbia joto na ukavu, vinashuka, vinaangukia ndani ya chupa ya alkoli.

2. Kuandika mahali. Ndani ya kila chupa wanatia karatasi: ni wapi, tarehe gani, nani alikusanya. Wanaandika na kreyo, kwa sababu wino wa biki unayeyuka ndani ya alkoli. Chupa isiyo na karatasi haina faida kubwa, hata ikiwa na buibui wa ajabu.

3. Kuangalia kwa mikroskopi. Rangi peke yake inadanganya. Mtaalamu anaangalia hasa viungo vya uzazi: kwa dume, ni vile vijikono viwili karibu na kinywa, ambavyo ncha zake zimevimba, kwa jike, ni chini ya tumbo. Mara nyingi buibui ambaye hajakomaa hawezi kupewa jina la hakika, hata mbele ya bingwa.

4. Kulinganisha. Mbele ya kusema «ni mpya», inapaswa kumlinganisha na wale walioandikwa tayari. Orodha ya buibui wote wa dunia inatunzwa katika mji wa Bern, Uswisi. Mwaka 2022 ilifikia aina 50,000, na kila mwaka mamia wanaongezwa. Inapaswa pia kuangalia wale waliowekwa ndani ya makumbusho, kama ile ya Tervuren karibu na Bruxelles, ambamo munahifadhiwa wanyama na vidudu vingi vilivyotoka Kongo yetu.

5. Kuandika na kutoa jina. Jina lina maneno mawili: la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Caecula, katika Kilatini, ni kusema «kipofu mdogo». Kisha buibui mmoja anachaguliwa kuwa shahidi, na anawekwa katika makumbusho. Ni sawa na jiwe la mizani linalobaki depo: watu wakibishana juu ya kilo, wanarudi kwake.

Na sisi walimaji?

Hatutadanganya wanamemba. Hatusemi kwamba kabuibui haka ka Côte d'Ivoire kanakula kiwavi cha muhindi. Ni kadogo mno. Lakini kanatuonyesha jambo moja: ndani ya majani makavu, yale tunayokusanya na kuchoma kila msimu, kuna wakaaji wengi. Wengine bado hawajaandikwa na mtu yeyote.

Ndugu zake wakubwa tunawajua. Kuna wale wanaokimbia chini bila kutega utando. Jike anabeba mfuko wa mayai nyuma ya tumbo, kisha watoto wakitoka anawabeba mgongoni. Hao ni wawindaji. Wanakamata viwavi vingali vidogo, chawa wa mimea, na vipanzi vidogo. Hawaombi mushahara. Lakini dawa kali ikipulizwa, wanakufa pamoja na adui.

Hilo lilionekana katika Indonesia, inchi inayolima sana mupunga. Kule kulikuwa kidudu cha rangi ya kahawia kinachonyonya shina la mupunga. Walimaji walipuliza dawa, wakapuliza tena, na kidudu kikazidi. Sababu? Mayai yake yamefichwa ndani ya mmea, hivi dawa haikuyafikia. Lakini buibui waliokuwa wanakila walikufa. Mayai yalipotoka, watoto hawakukuta adui shambani. Mwaka 1986 serikali ya kule ilikataza dawa 57 katika mashamba ya mupunga. Toka 1989, walimaji walianza kufundishwa shambani kwenyewe kutambua na kuhesabu vidudu mbele ya kuamua kupuliza.

Hatukatazi dawa yote. Kuna siku inapaswa, na siku hiyo muulize agronomu wenu. Lakini kupuliza bila kuangalia ni kama kufukuza mwizi kwa kuchoma nyumba: mlinzi naye anaungua ndani.

Kazi ya mikono kwa kila kikundi

Muchague sehemu mbili za shamba moja: moja iliyofunikwa na majani makavu, moja isiyofunikwa. Shamba lililopulizwa dawa juzi halifai kwa kazi hii.

– Mufukie makopo matatu kila sehemu, mudomo wa kopo ulingane na udongo. Makopo ya dawa ya shamba yasitumiwe hata kidogo.
– Mutie maji kidogo na sabuni. Muweke kipande cha ganda ama bati juu ya vijiwe ili mvua isijaze kopo.
– Asubuhi mumwange yote juu ya sahani nyeupe. Muhesabu wenye miguu sita, wenye miguu minane, na viwavi. Musishike buibui kwa vidole, wengine wanauma.
– Mutikise pia majani makavu, mikono miwili, juu ya nguo nyeupe. Munyamaze kidogo, muangalie. Vinukta vitaanza kutembea.
– Muandike na kreyo: shamba la nani, tarehe, sehemu gani, ngapi. Murudilie kila juma kwa majuma matatu, kisha mulinganishe.

Na kwa kiwavi cha muhindi: mupite kati ya mistari mara mbili kwa juma, mufungue moyo wa mmea, mufinye mayai na viwavi vidogo kwa mkono. Mushale huo hauna bei.

Sasa turudi kwa yule mama. Mama, jibu letu ni hili: wataalamu wale walikusanya, waliandika, waliangalia na walilinganisha mbele ya kutoa jina kwa kidudu cha nusu milimita. Sisi, mbele ya kutoa franka za dawa na kuua vyote vilivyo shambani, tufanye angalau nusu ya kazi hiyo.

Maulizo ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, majani makavu yanachomwa na nani, na kwa sababu gani?
2. Sehemu gani ya shamba ilikuwa na buibui wengi? Na viwavi vingi?
3. Msimu uliopita tulipuliza mara ngapi? Tulihesabu vidudu mbele ya kupuliza mara ngapi?
4. Nani katika kikundi atatunza daftari ya hesabu, na itawekwa wapi?