Mkono wa Mrushaji Baada ya Jeraha: Kupima Utayari wa Kurudi Uwanjani

Besiboli iliingia katika shule za Tanzania miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani, na Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam ikawa miongoni mwa makao yake ya mwanzo. Uganda imefika mbali zaidi. Timu ya watoto kutoka Lugazi ilicheza mashindano ya dunia ya Little League nchini Marekani mwaka 2012, na mwaka 2022 vijana wawili, Umar Male na Ben Serunkuma, walisaini mkataba na klabu ya Los Angeles Dodgers, inayowalea chipukizi wake katika ligi za chini. Kwa hiyo mkono wa kijana anayerusha vizuri umeanza kuwa na thamani ambayo familia yake inaijua. Mkono huo ukiumia, mhudumu wa afya huletewa swali ambalo jibu lake linaweza kufungua njia au kuifunga: je, amepona?

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia. Kijana wa miaka 18, mkazi wa Kisarawe, anafika kliniki mjini Kibaha akiwa na mjomba wake. Miezi mitano iliyopita, akiwa katikati ya mechi, alisikia mlio kama wa kamba inayokatika upande wa ndani wa kiwiko cha kulia. Kipimo cha MRI kilionyesha kwamba ligamenti ya upande huo imechanika sehemu, haikukatika yote. Alipumzishwa asirushe, akafanya mazoezi ya tiba ya viungo. Sasa haumwi. Baada ya wiki tatu kuna majaribio mbele ya wasaka vipaji, na kinachotakiwa ni barua ya daktari. “Daktari, mkono uko sawa,” anasema mjomba. “Juzi karusha embe likavuka shamba zima.”

Embe lile linaeleza tatizo lote. Mrushaji wa besiboli anaporusha kwa nguvu zake zote, mkono wa juu huzunguka begani kwa kasi inayoweza kufikia nyuzi 7,000 kwa sekunde. Wakati huohuo kiwiko husukumwa kifunguke kwa ndani, kwa nguvu ya mzunguko ya takriban nyutoni-mita 64. Ligamenti ya upande wa ndani, ikipimwa peke yake maabara, hukatika kwenye takriban nusu ya kiasi hicho. Nusu nyingine hubebwa na misuli ya kigasha na umbo la mifupa yenyewe, nayo nguvu ya kurusha huanzia miguuni, ikapita nyonga na kiwiliwili kabla ya kufika mkononi. Misuli ikichoka, deni linarudi kwa ligamenti. Kurusha embe moja, kwa mkono uliopumzika, hakugusi kabisa hali hiyo.

Historia ya jeraha hili inafahamika vyema. Septemba 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia upasuaji Tommy John, mrushaji wa Dodgers mwenye umri wa miaka 31, akachukua kano kutoka kigasha cha mkono mmoja na kuipandikiza kwenye kiwiko cha mwingine. John hakucheza msimu wote wa 1975. Alirudi mwaka 1976, akashinda mechi 164 zaidi kabla ya kustaafu mwaka 1989. Kisichosimuliwa sana ni kwamba alihitaji upasuaji wa pili kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko uliathirika na vidole vikapoteza nguvu. Ndiyo maana mgonjwa yeyote wa aina hii, awe amepasuliwa au la, lazima aulizwe juu ya ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, na apimwe nguvu ya kutanua vidole.

Maswali mengine yanatokana na mazingira ya hapa. Je, kiwiko kilichuliwa kwa nguvu baada ya kuumia? Kukanda na kunyoosha kwa lazima kiwiko kilichojeruhiwa kunaweza kusababisha mfupa kuota ndani ya msuli, na kiungo kikabaki kigumu daima. Je, anatumia dawa za maumivu? Kijana aliyemeza diklofenaki asubuhi hawezi kupimwa maumivu mchana. Arudi baada ya siku mbili bila dawa. Anafanya kazi gani nyumbani? Anayelima, kubeba ndoo za maji au kupasua kuni hajaupumzisha mkono wake, hata kama kocha anaamini hivyo. Maumivu ya usiku, homa, au uvimbe usiohusiana na kurusha yasihesabiwe kuwa jeraha la michezo mpaka maambukizi ya mfupa, kifua kikuu cha kiungo na, katika nchi kama Tanzania, selimundu viwe vimefikiriwa na kuchunguzwa.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine. Kiwiko kinyooshwe na kukunjwa, kikilinganishwa na cha pili. Kisha mchunguzi azungushe mkono wa juu wa mgonjwa nje mpaka mwisho, bega likiwa limeinuliwa kwa usawa wa bega la pili, aubane kiwiko kuelekea ndani, na akinyooshe upesi kutoka hali ya kukunjwa. Maumivu yaleyale ya zamani yakitokea kati ya nyuzi 120 na 70, ligamenti bado inalalamika. Kwa kijana wa mfano huu, kipimo hicho hakikuleta maumivu.

Wengi wangeishia hapo na kuandika barua. Lakini begani kulikuwa na habari nyingine. Mgonjwa akiwa amelala chali, mzunguko wa bega kwenda ndani na nje ulijumlishwa: bega la kushoto lilitoa nyuzi 178, la kulia 164. Bega la mrushaji huwa linazunguka zaidi kwa nje na pungufu kwa ndani, na hilo peke yake si ugonjwa. Jumla ndiyo inayotakiwa ikaribiane, tofauti isizidi nyuzi 5 hivi. Misuli inayozungusha bega kwa nje ilishindwa mapema kuliko ya kushoto. Aliposimama kwa mguu wa kushoto na kuchuchumaa kidogo, goti lilianguka ndani na nyonga ikashuka. Kiwiko chake kilikuwa kimetulia, ila kila kilichopaswa kukisaidia kilikuwa kimelala kwa miezi mitano.

Kinachofuata ni kurusha kwa hatua, siku tatu kwa wiki, na siku ya mapumziko kati ya siku mbili za kurusha. Huanza mita 14, kwa mwendo wa taratibu, kisha mita 18, 27 na 37. Hatua moja hurudiwa angalau mara mbili bila maumivu kabla ya kusogea. Maumivu yakirudi kwenye kiungo, anarudi hatua iliyotangulia. Uchovu wa kawaida wa misuli hauhesabiwi. Baada ya hapo ndipo hupanda kwenye kilima cha mrushaji, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, kwanza kwa nusu ya nguvu. Hata mambo yakienda vizuri, safari hii huchukua miezi, si wiki.

Makocha hupenda kipima kasi, na hapo ndipo hukumu nyingi hupotoka. Kasi ya mipira kumi ya kwanza inaeleza mipira kumi ya kwanza tu. Jambo la kutazama ni tofauti kati ya mipira kumi na mitano ya mwanzo na kumi na mitano ya mwisho: je, shabaha imepotea, kiwiko kimeshuka chini ya bega, kijana ameanza kujishika mkono? Utafiti wa Marekani kwa vijana uligundua kwamba waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kufanyiwa upasuaji. Mwongozo wa huko huwawekea wenye miaka 17 na 18 kikomo cha mipira 105 kwa siku, na mashindano ya shule za sekondari nchini Japani yaliweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki kuanzia mwaka 2020. Hivyo ni vikomo vya mikono mizima. Daftari la shule lenye mistari ya tarehe na idadi linatosha kuhesabia, na mjomba anaweza kulishika.

Kuhusu majaribio, kumkatalia kabisa kungekuwa rahisi kwa daktari na ghali kwa familia ambayo pengine imeshakopa nauli. Barua iliyoandikwa haikusema “amepona” wala “hafai”. Ilisema kwamba ligamenti haina dalili kwa sasa. Kwamba bega na nyonga havijarudia uwezo wake. Kwamba anaruhusiwa kukimbia na kurusha hadi umbali aliofikia siku hiyo katika programu yake, kwa nguvu isiyozidi nusu, wala asipande kilimani. Na kwamba atapimwa tena kliniki Kibaha baada ya wiki sita, akiwa na daftari lake.